Je, Wajua? Mapovu ya Shampeni Huharakisha Ulevi

Mvinyo wenye mapovu, kama shampeni ya Ufaransa, hupanda kichwani upesi kuliko mvinyo wa kawaida. Wataalamu hueleza kwamba gesi yake huisukuma pombe itoke tumboni haraka hadi kwenye utumbo mwembamba, inakofyonzwa na kuingia katika damu.

Soma pia lebo ujue kiasi cha sukari: chupa iliyoandikwa Brut ina sukari isiyofika gramu 12 kwa lita, Doux ina zaidi ya 50. Hata hivyo, sukari kidogo si kinga dhidi ya ulevi. Glasi ya mililita 125 yenye kilevi asilimia 12 hubeba takriban gramu 12 za pombe, yaani kalori 80 hivi, bila lishe ya maana. Mjamzito asiiguse kabisa.