Je, Wajua? Kinga ya Malaria Iliyo Tayari Ndani ya Sindano

Ukipanda Kilimanjaro kutoka mashamba ya mpunga ya Mabogini hadi kwenye migomba na kahawa, malaria hupungua: baridi huchelewesha kimelea kukomaa tumboni mwa mbu. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa tofauti hiyo husomeka hata kwenye damu. Kaskazini mashariki mwa Tanzania, ikiwemo miteremko ya Rombo, kadiri kijiji kilivyo juu ndivyo wenye kingamwili za malaria walivyo wachache.

Kingamwili hizo mtu huzipata kwa kuambukizwa tena na tena. Ghali mno! Sasa wanasayansi huteua moja iliyo kali na kuizalisha maabarani, nakala tupu za aina ileile. Mojawapo, L9LS, ilitokana na damu ya mtu aliyejitolea kupewa chanjo ya majaribio Marekani. Hukinasa kimelea kabla hakijavamia ini. Chanjo huufundisha mwili kupika kingamwili zake. L9LS huletwa ikiwa imeshaiva, ndiyo maana hufanya kazi upesi, na ndiyo maana huisha.

Nchini Mali, watoto wa miaka 6 hadi 10 walichomwa miligramu 300 za L9LS mara moja tu. Kwa miezi 6, maambukizi yalizuiwa kwa asilimia 70 na ugonjwa kwa 77. Magharibi mwa Kenya imejaribiwa kwa walio chini ya miaka 5.

Zahanati za Moshi bado hazina sindano hii. Ukishuka tambarare kulala, beba chandarua.