Jinsi Barafu ya Mbali Inavyopimwa

Mtoto aliyezaliwa Kitulo hana haja ya kufundishwa maana ya baridi. Katika miezi ya Juni na Julai, akitoka nje alfajiri, pengine huona majani yamekuwa meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga, na maji ya ndoo iliyolala nje yamefanya utando mgumu. Weupe ule ni jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Na utando ule ni barafu. Mwenye shamba la viazi aijua vema jalidi, maana ikianguka usiku mmoja tu, majani ya viazi huwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Lakini jua likipanda, weupe wote hutoweka.

Sasa fikirini nchi ambayo jua lake halina nguvu za kuyeyusha theluji yote iangukayo. Theluji ya mwaka huu hulala juu ya ile ya mwaka jana, na ile ya mwaka jana juu ya ile ya mwaka juzi. Uzito wa juu huigandamiza ya chini hata ikawa barafu ngumu. Hivyo ndivyo ilivyo katika ncha mbili za dunia. Kusini kuna bara la Antaktika, lenye barafu ya eneo la kilomita za mraba milioni 14 hivi, yaani karibu mara kumi na tano ya nchi yetu ya Tanzania. Kaskazini kuna kisiwa kikubwa cha Greenland, chenye barafu ya kilomita za mraba milioni 1.7. Unene wa barafu ya Antaktika, ukichukua wastani, ni kilomita 2 hivi; na mahali pengine hupita kilomita 4. Mlima wetu Mtorwi una mita 2,961 tu kutoka usawa wa bahari. Ungewekwa huko, ungezama wote ndani ya barafu.

Tena barafu hiyo haikai mahali pamoja. Ukimwaga uji mzito katikati ya sinia, utauona ukitambaa polepole kuelekea ukingoni kwa uzito wake wenyewe. Barafu nayo hufanya vivyo hivyo. Hutoka katikati ya nchi, hupita mabondeni kama mito, na hatimaye hufika baharini, ambako hukatika vipande vipande na kuelea. Mito hiyo ya barafu mingi yaenda polepole mno. Lakini uko mmoja katika Greenland, uitwao Jakobshavn, ambao mwaka wa 2012, wakati wa kiangazi, ulipimwa ukienda zaidi ya mita 40 kwa siku moja.

Je, mtu awezaje kuyajua hayo, na nchi zile hazina njia wala vijiji, na usiku wake wa baridi hudumu miezi? Zamani hakukuwa na njia ila kwenda kwa miguu na kutazama kwa macho. Na hata aliyekwenda akaona, pengine hakusadikiwa. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akaandika ya kwamba ni theluji. Huko London alikuwako mtaalamu wa jiografia, jina lake William Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi zetu. Yeye akakana, akisema haiwezekani theluji iwepo karibu na mstari wa ikweta. Mabishano yale yakaendelea miaka mingi, mpaka wengine walipopanda sehemu ya mlima na kurudi na ushuhuda ule ule. Mwaka wa 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, wakaikanyaga barafu yenyewe.

Siku hizi kuna mashahidi wa namna nyingine, nao ni setilaiti. Setilaiti ni chombo kilichorushwa kwa roketi hata kikaizunguka dunia kama mwezi uizungukavyo. Hata pwani ya Afrika Mashariki imekuwa na sehemu katika kazi hiyo: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Ile ilitazama nyota. Lakini mwaka wa 1972 Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza ya jamii iitwayo Landsat, kazi yake kuitazama nchi kavu. Na wadogo zake wangali wakifanya kazi hiyo. Landsat za sasa hupita kilomita 705 juu yetu, huizunguka dunia kwa muda wa dakika 99, na kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16.

Basi, mwendo wa barafu hupimwaje? Tazameni kundi la kondoo katika mteremko ulio mbali. Ukilitazama mara moja, huwezi kujua kama limesimama au linakwenda. Lakini ukiweka alama ya jiwe lililo karibu nalo, ukatazama tena baadaye, utajua limeondoka kiasi gani. Wataalamu nao huchukua picha mbili za mto mmoja wa barafu, zilizopigwa siku mbalimbali. Hutafuta ufa ule ule katika picha zote mbili, na kuupima umbali uliohama kutoka mwamba usiosogea. Kwa mfano, ufa ukihama mita 480 kwa siku 16, gawanyeni 480 kwa 16: barafu yaenda mita 30 kila siku. Ni hesabu ya kugawanya tu.

Mawingu na giza huzuia picha za kawaida. Kwa hiyo setilaiti nyingine hutumia rada, ambayo hupenya mawingu na kuona hata usiku. Nyingine hupeleka mwali wa nuru chini na kupima muda wake wa kwenda na kurudi, kama mtu apigaye ukelele mbele ya jabali na kungoja mwangwi. Kwa njia hiyo hujulikana kama uso wa barafu umeinuka au umeshuka. Na mwaka wa 2002 zilirushwa setilaiti mbili pacha, zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Ile ya mbele ilipokaribia barafu nyingi, uzito wa barafu uliivuta kidogo, na umbali kati yake na mwenzake ukabadilika. Kwa kupima badiliko hilo dogo, wataalamu waliipima barafu kama iliyowekwa katika mizani. Waliona ya kuwa Greenland ilikuwa ikipoteza zaidi ya tani bilioni 200 kila mwaka, ukichukua wastani.

Mwaka huo huo wa 2002, huko Antaktika, setilaiti ziliona bamba la barafu liitwalo Larsen B likivunjika. Lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 3,250, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja, nalo lilitawanyika kwa muda wa majuma machache.

Na Kilimanjaro je? Ramani ya wapimaji wa mwaka wa 1912 yaonyesha kilomita za mraba 11.4 za barafu. Picha za setilaiti za mwaka wa 2011 zilionyesha 1.76 tu. Katika kila sehemu mia, 85 zilikuwa zimekwisha. Na tangu hapo barafu imezidi kupungua. Sababu si moja. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya huko juu imekuwa kavu zaidi, theluji mpya imekuwa haba, na jua kali hugeuza barafu kuwa mvuke hata bila kuyeyuka kwanza. Pamoja na hayo, dunia yote imezidi kuwa na joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta yachomwayo na watu.

Hata hivyo, tujihadhari tusiseme kupita tujuavyo. Mwaka wa 2002 wataalamu walikadiria kuwa barafu ya Kilimanjaro itakwisha kati ya mwaka wa 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu ingaliko, ingawa ni kidogo. Makadirio si kipimo. Ndiyo sababu ni lazima kupima tena na tena. Tena picha ya juu peke yake haitoshi. Tangu mwaka wa 2000 kuna vyombo vya kupimia hali ya hewa juu ya barafu ya Kilimanjaro, navyo havikufika huko ila kwa miguu na migongo ya watu.

Pengine mtoto wa Kitulo atauliza, "Yatuhusu nini sisi?" Barafu ya nchi kavu ikiingia baharini, maji ya bahari huinuka, kama maji ya kikombe kilichotiwa jiwe. Tangu mwaka wa 1993 setilaiti zimepima kuinuka kwa sentimita 10 hivi. Kiasi hicho ni kidogo machoni pa mtu wa milimani, lakini kwa mkulima wa mpunga wa Unguja au Pemba, maji ya chumvi yakiingia shambani ni njaa. Nao ni ndugu zetu. Mito ya Kitulo huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia Rufiji, na Rufiji huingia bahari ile ile. Anayelinda majani na misitu ya milimani hulinda maji ya wengi asiowajua. Na anayejifunza kupima kwa haki huwasaidia hata walio mbali kuliko hao.

MASWALI

1. Kwa nini theluji ya Antaktika haitoweki kama jalidi ya Kitulo?
2. Cooley alikosa nini katika kumkana Rebmann?
3. Ufa katika barafu umehama mita 192 kwa siku 16. Barafu yaenda mita ngapi kwa siku?
4. Taja njia tatu ambazo setilaiti hutumia kupima barafu.
5. Kwa nini mtu wa pwani aogope kuyeyuka kwa barafu ya Greenland?