Usifute picha za zamani kwenye Linux kabla hujafanya hivi

Umenakili maelfu ya picha kwenda diski ya nje, sasa unataka kufuta za kwenye kompyuta upate nafasi. Subiri kwanza! Kunakili kunaweza kukatika njiani, na ukifuta kwa amri ya rm, faili haiendi kwenye kapu la taka. Imeondoka.

Kuhesabu faili tu hakutoshi. Idadi inaweza kuwa sawa, kumbe video moja imeingia nusu.

Fungua terminali, kisha andika amri hii ukiweka njia kamili ya kila folda:

diff -rq Picha Nakala

"Picha" ni folda ya mwanzo, "Nakala" ni ile mpya. Herufi r inaipeleka amri mpaka folda za ndani, q inafupisha majibu.

Ikitokea "Only in Picha: harusi.jpg", picha hiyo haipo kwenye nakala. Ukiona "differ", faili ipo kote kuwili ila yaliyomo hayafanani.

Inachukua muda kwa sababu kila faili inasomwa. Nakili upya zenye kasoro, halafu rudia amri. Ikimaliza bila kuandika chochote, hapo sasa unaweza kufuta.