Ua la Tanga lililotajirisha wengine: Somo kwa wauza miche Mbezi Beach

MUUZA miche wa Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam, akioneshwa ua dogo la chungu lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, anaweza kudhani limetoka Ulaya. Kumbe kwao ni Tanga.

Ua hilo ni Saintpaulia, maarufu kama ua la Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta Tanga na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la familia hiyo.

Mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles, Marekani, ilinunua mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua aina 10 bora. Kutokana na hizo ikazaliwa biashara kubwa ya maua ya chungu. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua haki ya nchi juu ya mimea yake, lakini ua la Tanga lilikuwa limeshaondoka miaka 100 kabla.

Ukoo ndani ya jani

Leo wataalamu wanaufahamu vizuri zaidi ukoo wa ua hili kwa kusoma vinasaba. Sehemu ya vinasaba hivyo imo kwenye kloroplasti, yaani chembe za kijani zinazotengeneza chakula cha mmea. Katika mimea mingi ya maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama tu na hubadilika polepole, hivyo husaidia kufuata nasaba ya upande wa mama. Vinasaba vya kiini cha seli huonesha pande zote mbili.

Matokeo yake ni kwamba Saintpaulia si jenasi ya peke yake, bali ni tawi lililochipuka ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Mwaka 2015 iliunganishwa humo rasmi. Kabla ya hapo, mwaka 2006, spishi zilizokuwa zikihesabiwa takriban 20 zilipunguzwa hadi sita. Mwaka 2018 ulichapishwa mpangilio kamili wa vinasaba vya kloroplasti, herufi zipatazo 153,000, vya ndugu yake wa msitu wa Mbololo, Milima ya Taita nchini Kenya.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni hii: mimea hii ni ndugu wa karibu, na mingi huzaliana ikichavushwa kwa mkono. Mmea wa porini ni ghala la sifa ambazo mzalishaji anaweza kuzihitaji kesho. Lakini baadhi huota kwenye korongo au kilima kimoja tu. Msitu huo ukifyekwa, au mimea ikichimbwa ili iuzwe, hakuna duka litakaloirudisha.

Kuzalisha bila kuchimba

Habari njema ni kwamba mkulima hahitaji kugusa msitu. Jani moja lililokomaa, likikatwa na kikonyo chake na kuchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, huota mizizi ndani ya wiki chache na baadaye kutoa miche kadhaa. Miche hiyo hufanana na mama yake, isipokuwa aina zenye maua ya mistari, ambazo mara nyingi hupoteza mistari hiyo.

Porini mmea huu huota kwenye miamba yenye kivuli, penye udongo kidogo. Kwa hiyo tumia chungu kidogo chenye matundu, epuka jua kali, na mwagilia udongo bila kulowesha majani. Joto la 18 hadi 24 ndilo linaloufaa zaidi. Joto la Mbezi Beach huzidi hapo, hivyo weka penye kivuli na hewa ya kutosha, na anza na vyungu vichache.

Atakayeuza ua hili ana neno la kumwambia mteja ambalo muuzaji wa Ulaya hana: limerudi nyumbani.