Fahamu: Kwa nini Meta iliigawa Llama bure?

Julai 2023, Meta iliachia Llama 2, modeli ya akili mnemba ambayo karibu yeyote angeweza kuipakua na kuifanyia biashara bila kulipa. Ni ukarimu? Labda kidogo. Meta hula kwa matangazo; wanaouza modeli ni wenzake kama OpenAI. Ukigawa maji bure mbele ya duka la jirani anayeuza maji, atakayeshusha bei ni yeye. Tena wahandisi wa nje hubuni zana na kurekebisha kasoro bila mshahara wako.

Ila isome leseni yenyewe: kampuni yenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi sharti iombe kibali. Mlango wazi, bawabu yupo. Januari 2025, DeepSeek ya China ikaachia modeli yake, R1, kwa leseni ya MIT, isiyo na sharti hilo.