Alama za Mkunazini hazitoshi kwenye fremu moja

Wageni wengi wakishafikishwa mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, huinamisha simu zao. Sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa wekundu. Mwongozaji amekwisha kuwaeleza kwamba hapo palikuwa na mti waliofungwa watumwa wakachapwa viboko, na kwamba wekundu ule ni damu. Wanalipiga picha duara na kusogea mbele. Baadaye wakiwaonyesha ndugu zao, kilichomo ndani ya picha ni sakafu tu, na maneno mengi yanahitajika kuifanya sakafu hiyo iseme.

Simu haina lawama hapo. Maana ya duara lile haimo ndani ya duara. Imo katika mahali lilipowekwa. Waliojenga kanisa walikusudia madhabahu isimame penye mti wa viboko, sadaka ya Kristo itolewe palipomwagika damu ya watu waliouzwa. Ukiitenga marumaru na madhabahu, umeikata sentensi katikati. Picha inayosema kweli ni ile inayoanza na duara karibu na lenzi, ikapanda taratibu hadi kwenye meza ya Bwana. Kwa hiyo piga magoti, shusha kamera hadi usawa wa kiuno cha mtu aliyeketi, tumia lenzi pana, na hakikisha vyote viwili vimeingia bila kimoja kukifunika kingine.

Nimeanza na duara kwa sababu ndilo linalofundisha namna ya kupiga picha kila kitu kingine humo. Alama za Mkunazini ni alama za mahali. Anayewinda kitu kimoja kimoja, msalaba huku, kioo kule, nguzo pale, atarudi na albamu nzuri isiyosema lolote kuhusu kanisa hili.

Historia yenyewe ni ya mahali. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale sokoni, kwenye ardhi ambayo sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kumkumbuka: ndiye aliyekusanya hadithi za Waunguja na kuzichapisha mwaka 1870, akaandika na sarufi ya lugha yao. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa bado halijamalizika. Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu, hatua chache tu kutoka kwenye duara.

Ukiingia, inua macho kabla ya kuinua kamera. Paa la kanisa limepinda kama pipa lililopasuliwa kati, limemwagwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wakati ule wengi walisema litaanguka. Steere alishikilia kwamba litasimama, na limesimama hadi leo, likibebwa na kuta za mawe yaleyale ya matumbawe yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe, misikiti yake na majumba ya masultani. Anayetaka kulipiga picha paa hilo asimame katikati kabisa ya njia, kamera iwe sawasawa bila kuinamia mbele wala nyuma. Ukiielekeza juu, hata kidogo, kuta mbili zitaonekana zikilaliana na paa litapoteza uzito wake wote.

Mlangoni, karibu na mahali pa ubatizo, ndipo zilipo nguzo ambazo mimi nazipenda kuliko kitu chochote humo ndani. Zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa safarini, na aliporudi aliziacha zilivyo. Wapiga picha wengi huzipita, au huzipiga nusu, sehemu ya katikati yenye mng'aro mzuri. Nusu nguzo haionyeshi lolote. Mtazamaji anahitaji kukiona kitako kilichopaswa kuwa chini kikiwa juu, na kichwa kilichopaswa kubeba tao kikiwa kimekalia sakafu, vyote ndani ya picha moja. Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, weka kamera kwenye kimo cha katikati ya nguzo, na usiisogelee kwa hofu ya kuacha nafasi tupu pembeni. Nafasi hiyo ndiyo inayolipa jicho nafasi ya kulinganisha. Jengo limejaa majina ya maaskofu, wanamaji na wafadhili. Mafundi waliolipandisha jiwe kwa jiwe hawakuandikwa mahali pengi, na nguzo hizi ni alama ya mikono yao, iwe waliikusudia au hawakuikusudia.

Mwanga wa humo ndani ni mgumu. Nje ni jua la pwani linalounguza macho. Ndani ni kivuli cha kuta nene. Madirisha ya vioo vya rangi yako katikati ya dunia hizo mbili. Lipo la kumkumbuka David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, lipo na la wanamaji wa Kiingereza waliokufa wakisaka majahazi ya watumwa. Kamera ikipima mwanga wa ukuta, kioo hugeuka doa jeupe. Ikipima kioo, ukuta wote huwa giza. Njia ya uhakika ni kuweka stendi, kupiga picha mbili au tatu za mwanga tofauti bila kamera kusogea, kisha kuziunganisha. Asiye na stendi asubiri mawingu. Siku za masika, ambazo watalii huzikimbia, ndizo ambazo kioo na ukuta hupatana.

Flashi iache ndani ya mkoba. Kioo cha rangi huishi kwa mwanga unaokipenya kutoka nyuma; ukikimulika kutoka mbele unakiua. Nakshi za mbao na za mawe nazo zinataka mwanga wa ubavuni, unaoingia kwenye kila mfereji wa patasi na kuacha kivuli chembamba upande wa pili. Mzanzibari yeyote aliyewahi kuutazama mlango wa kuchonga saa za alasiri analijua hilo. Mnyororo, samaki na yungiyungi vilivyofifia adhuhuri huinuka vyenyewe jua linapoanza kulala. Na kama umetoka kwenye gari au hoteli yenye kiyoyozi, ipe kamera muda izoee joto, la sivyo unyevu wa Unguja utaifunika lenzi kwa ukungu.

Hili ni kanisa la Kianglikana linalosaliwa, na jambo hilo linakuja kabla ya lenzi yoyote. Watu huja kubatiza watoto wao penye zile nguzo, huja kuoa, huja kuwaaga maiti wao. Vaa kwa heshima. Ukimkuta mzee anafagia, mwambie, "Shikamoo mzee, naomba ruhusa nipige picha upande ule." Akikujibu, "Marahaba, subiri kwanza ibada iishe," kaa benchi la nyuma usubiri, kamera ikiwa imezimwa. Muumini aliyepiga magoti si pambo la kuipa picha kimo.

Nje, uani, iko kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Uswidi, iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu watano wa zege wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo, na mnyororo huo ni wa kweli, wa enzi za utumwa. Shimo linakulazimisha uwatazame kutoka juu, ulipokuwa ukisimama mguu wa mnunuzi. Karibu kila picha ya kazi hii imepigwa kwa pembe hiyo, na mara nyingi mtu ameegemea ukingoni akitabasamu. Mimi naona ni haki kulala kifudifudi ukingoni, kushusha kamera hadi karibu na nyuso zao, na kuwaacha wakutazame. Ukifanya hivyo, kanisa linabaki nyuma yao, na unapata tena kile ulichokipata kwenye duara: kitu na mahali pake.

Jirani, chini ya jengo la Mtakatifu Monika, kuna vyumba vya chini ambamo wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa wakisubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka simulizi hilo, kwa kuwa jengo lililo juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Vipige picha, lakini katika maelezo andika "inasimuliwa". Mateso ya Mkunazini yana ushahidi wa kutosha. Hayahitaji kuongezewa kitu kisicho na hakika.

Nimeuacha msalaba mwisho kwa sababu ndio unaoipa kamera kazi kubwa kuliko vyote. Ni mdogo, wa mbao, uko karibu na madhabahu. Mbao yake inatokana na mti wa mpundu wa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, ambako Livingstone alifariki Mei 1873. Waliokuwa naye waliuzika moyo wake chini ya mti huo. Mwili wakaukausha, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kutoka hapo ulivushwa Unguja, na Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London.

Waongozaji humtaja Livingstone, na ni sawa. Lakini wanaotakiwa kuwamo katika maelezo ya picha ni waliombeba: James Chuma, Abdullah Susi na Jacob Wainwright, pamoja na wenzao walioongozana nao. Wainwright, aliyesomeshwa Nasik nchini India baada ya kuokolewa utumwani, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye gome la mpundu ule. Chuma na Susi wote walifia hapa Unguja: Chuma mwaka 1882, mwaka uleule wa Askofu Steere, na Susi mwaka 1891.

Piga basi picha mbili za msalaba huu. Moja ya karibu, mwanga ukitoka ubavuni, hadi nyuzi za mbao zihesabike. Nyingine ya mbali, ambamo msalaba unakuwa mdogo na nyuma yake inaonekana madhabahu na duara lake. Halafu ujue kwamba bado moja imebaki. Mwaka 1899 mpundu ulikatwa, na kipande chenye maandishi aliyoyachonga Wainwright kikapelekwa London, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Mbao iko Mkunazini, maneno yako Uingereza, na anayetaka kuuona mti huo mzima kwa kamera itambidi apande ndege.