Baba, Baisikeli na Kisiwa cha Mallorca

Kwetu Kongo baisikeli ni mnyama wa kazi. Hubeba mihogo, ndizi, makaa na mafuta ya mawese, na mara nyingi mwenyewe hutembea kwa miguu kando yake, akiisukuma mlimani huku jasho likimtiririka. Ndiyo maana wasomaji wetu wengine watacheka wakisikia kwamba wako watu wa Ulaya ambao, wakipata likizo ya juma moja, hupanda ndege pamoja na wake zao na watoto wao kwenda kisiwani, kusudi wapande baisikeli toka asubuhi hata alasiri, wala hawabebi mzigo wo wote. Tena wanalipa fedha! Sisi wenyewe tulicheka. Lakini mmisionari mmoja Mbelgiji, aliyefundisha pamoja nasi, alitusimulia mambo yaliyompata ndugu yake huko, na tangu siku ile kicheko chetu kimepungua.

Kisiwa chenyewe huitwa Mallorca. Ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Baleares katika bahari ya Mediteranea, nacho ni sehemu ya Hispania. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Serra de Tramuntana, ambayo kilele chake kirefu hupita metri 1,400. Katikati ni nchi tambarare yenye milozi, mizeituni na vinu vya upepo. Mwezi wa pili, barabara za Ubelgiji zingali na baridi na barafu, milozi ya Mallorca imekwisha kuchanua. Mabingwa wa mashindano walilitambua jambo hilo zamani. Bradley Wiggins, Mwingereza aliyeshinda Tour de France mwaka 2012, alijitayarisha katika milima hiyo. Nyuma ya mabingwa wakafuata watu wa kawaida, makarani, wauguzi na waalimu, nao wakaleta jamaa zao. Siku hizi wageni ni wengi mno, hata mwaka 2024 wenyeji maelfu waliandamana katika mji wa Palma, wakilalamika kwamba nyumba zimekuwa ghali kwa ajili yao. Malalamiko hayo yana haki yake.

Kambi ya mazoezi si kambi ya mahema. Ni hoteli karibu na ghuba ya Alcúdia au ya Pollença, yenye ghala la kufungia baisikeli na fundi wa kuzitengeneza. Asubuhi watu hugawanywa kwa makundi kadiri ya mwendo wao, na kila kundi lina kiongozi. Hufuatana gurudumu nyuma ya gurudumu, kwa maana anayetangulia huukata upepo, na wanaomfuata hutumia nguvu kidogo kuliko yeye; akichoka, huachia mwingine zamu. Baada ya siku mbili tatu za jasho hufuata siku ya kupumzika. Huo si uvivu. Mwili haujengi nguvu zake katika kazi yenyewe, bali katika pumziko linalofuata. Sisi tuliolelewa na kengele ya seminari, iliyotulaza mchana tukipenda tusipende, tunaifahamu hesabu hiyo.

Watoto nao wana njia zao. Kati ya Manacor na Artà, reli ya zamani, ambayo treni yake iliachwa mwaka 1977, imegeuzwa njia ya waenda kwa miguu na wapanda baisikeli, yenye urefu wa kilometri 29, bila milima mikali. Karibu na Alcúdia kuna bwawa kubwa la matete liitwalo S'Albufera, ambako watoto huenda polepole wakitazama ndege wa majini. Sheria ya Hispania ni kali: mtoto aliye chini ya miaka 16 hapandi baisikeli bila kofia ngumu, hata mjini, na motokari ikitaka kumpita mpanda baisikeli, sharti imwachie nafasi ya metri moja na nusu.

Basi, yule ndugu wa mmisionari alikwenda huko likizo ya Pasaka pamoja na mkewe, binti wa miaka 14 na wavulana wawili wadogo. Alikuwa ameweka akiba mwaka mzima. Siku ya kwanza akaondoka na kundi la wenye mbio, akarudi saa kumi, akala kama askari, akalala. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, alipoinuka mezani kwenda kulala, mkewe akamwuliza kwa sauti ya upole:

“Umetuleta likizo, ama tumekusindikiza kazini?”

Baba hakuwa na jibu. Maana jambo la kweli ni kwamba alikuwa na shauku moja, nayo ilikuwa ya miaka kumi: kuipanda Sa Calobra.

Hatuna budi kuieleza barabara hii. Ilichorwa na mhandisi Antonio Parietti, ikajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hutoka juu mlimani ikateremka baharini kwa kilometri tisa na zaidi, ikijipinda kama nyoka, na mahali pamoja hujizungusha na kupita chini yake yenyewe, kama fundo la tai shingoni. Huishia ufukoni. Barabara nyingine ya kutokea hakuna. Aliyeshuka kwa furaha hurudi kwa njia ile ile, akipanda karibu metri 700. La sivyo, angoje mashua iendayo Port de Sóller bahari ikiwa shwari.

Siku ya pumziko jamaa wote walikwenda Pollença, wakapanda kwa miguu ngazi 365 za Kalvario, ambazo Ijumaa Kuu waamini huzishuka usiku kwa maandamano, wakiichukua sanamu ya Kristu aliyeshushwa msalabani. Huko juu mume na mke wakapatana. Kesho yake baba angeshuka Sa Calobra kwa baisikeli. Mama na watoto wangekwenda Port de Sóller kwa motokari ya kukodi, kisha kwa mashua, wakutane ufukoni. Halafu yeye angepanda mlima wake, nao wangerudi kwa mashua.

Wakakutana, wakala mkate na machungwa. Mashua ilipopiga honi, mtoto mdogo akashika mkono wa babaye: “Wewe huji nasi?” Baba akatazama juu barabarani, akatazama mashua. Akaingia mashuani na baisikeli yake. Mmisionari hakutuficha kwamba njia nzima ndugu yake hakusema neno, wala hakujisingizia furaha. Mkewe aliona.

Siku ya mwisho mama ndiye aliyemwamsha kabla ya mapambazuko, akamwambia aende zake mlimani, ila asiende peke yake. Akaenda na binti. Sa Calobra ilikuwa mbali mno kwa msichana huyo, basi wakaelekea Lluc, patakatifu pa Bikira Maria katikati ya milima, penye sanamu yake nyeusi ambayo wenyeji huiheshimu tangu karne nyingi. Kila kona baba alisimama, akamngoja. Mara mbili binti alishuka, akasukuma baisikeli kwa miguu, kama watu wetu wa mihogo. Walipofika, waimbaji wadogo wa Lluc, ambao kundi lao lilianzishwa karne ya 16, walikuwa wamekwisha kuimba. Kanisa lilikuwa kimya. Wakapiga magoti wangali na jasho, kisha wakatafuta chakula.

Mpaka leo baba hajaipanda Sa Calobra. Wameandika majina yao kwa Pasaka ijayo, na binti amekwisha kutangaza nyumbani kwamba safari hii yeye ndiye atakayengoja.